Kidonda cha Jicho kwa Mwenye Kisukari

Somo la afya kwa watu wazima. Lilisomwa redioni, nalo limepigwa chapa hapa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji na kwa kila asomaye nyumbani.

Leo tutazungumza juu ya jambo dogo kwa kipimo, lakini kubwa kwa madhara yake: kidonda katika jicho la mtu mwenye ugonjwa wa sukari, ambao wengi huuita kisukari.

Tutajibu maswali matatu. La kwanza, kwa nini kidonda hicho huchelewa kupona? La pili, hivyo vidonge na vyakula vinavyosifiwa siku hizi kwa jina la antioksidanti vyaweza kufanya nini, na haviwezi kufanya nini? La tatu, wewe mwenye kisukari, au wewe uliye na mzazi, mume au mke mwenye kisukari, ufanye nini siku jani la muhindi litakapokukwaruza jichoni?

Wala usiseme, "Mimi sina kisukari, somo hili halinihusu." Watu wengi wanacho bila kujijua, kwa maana katika miaka ya kwanza kisukari cha watu wazima chaweza kukaa mwilini kimya, bila maumivu yoyote. Basi sikiliza, hata kama ni kwa ajili ya jirani yako.

Kioo cha jicho

Mtazame mwenzako aliyekaa karibu nawe, umwangalie jicho. Utaona weupe, na katikati yake duara ya rangi, na katikati ya duara hiyo utaona mboni nyeusi. Mbele ya hiyo duara na mboni kuna kioo ambacho hukioni kwa urahisi, kwa sababu ni safi kabisa, kama kioo kinachofunika mishale ya saa. Kioo hicho madaktari hukiita konea. Liandike neno hilo katika daftari lako, maana tutalitumia mara nyingi.

Unene wa konea katikati yake ni kama nusu ya milimita tu. Walakini mwanga wote uingiao jichoni sharti upite hapo kwanza. Kioo kikiwa safi, unaona. Kikipata kovu, utaona ukungu, au hutaona kabisa, hata kama sehemu nyingine zote za jicho ni nzima. Ni kama nyumba nzuri yenye dirisha lililopakwa chokaa.

Konea ina mambo matatu ya ajabu, nayo yafaa tuyajue kabla ya kuendelea. La kwanza, haina mishipa ya damu. Kama ingekuwa nayo, isingeweza kuwa safi. Kwa hiyo huvuta oksijeni yake kutoka katika hewa, kwa njia ya machozi, na chakula chake hutoka zaidi katika maji yaliyo nyuma yake ndani ya jicho. La pili, imejaa ncha za mishipa ya fahamu kupita karibu kila mahali pengine katika mwili. Ndiyo maana punje moja ya mchanga ikiingia jichoni huwezi kutulia. La tatu, ngozi yake ya juu ina tabaka 5 hadi 7 tu za chembe hai, na chembe hizo hufanywa upya daima. Kwa muda wa siku 7 hadi 10 hivi, ngozi hiyo huwa imebadilishwa yote.

Basi jicho la mtu mzima wa afya likikwaruzwa kidogo, hupona upesi ajabu. Chembe zilizo kando ya kidonda hazingojei. Huachia pale zilipokuwa zimeshika, huteleza kuja katikati, na kufunika mahali palipo wazi. Kisha nyingine huzaliwa kuongeza unene. Mwisho zote hushika imara chini. Kazi yote hiyo, kwa mkwaruzo mdogo, huchukua siku 1 hadi 3. Yashikeni mambo hayo matatu: kuteleza, kuzaliana, na kushika. Sasa tutaona jinsi sukari inavyoharibu kila moja.

Sukari iliyozidi inafanya nini?

Kila mtu ana sukari katika damu yake, nayo ni chakula cha mwili. Kongosho, ambalo ni tezi iliyo nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na insulini huifungulia sukari mlango iingie katika chembe za mwili. Mtu mwenye kisukari hana insulini ya kutosha, au anayo lakini haifanyi kazi sawasawa. Sukari hubaki katika damu, na kutoka katika damu huenda katika maji yote ya mwili, hata katika machozi na katika maji yale ya ndani ya jicho yanayoilisha konea.

Madhara yake katika konea yalianza kuonekana wazi katika miaka ya 1970. Wakati ule madaktari walianza upasuaji mpya wa ndani ya jicho, na wengi wa wagonjwa wao walikuwa watu wenye kisukari. Pengine daktari alilazimika kukwangua ngozi ya juu ya konea ili aone vizuri ndani. Kwa mgonjwa asiye na kisukari ngozi hiyo ilirudi upesi. Kwa mwenye kisukari ilichelewa, na pengine ilirudi kisha ikabanduka tena. Ndipo madaktari walipoanza kuuliza sababu.

Sababu moja ni hii. Sukari ikikaa siku nyingi katika mwili hunata juu ya protini, na protini iliyonatwa na sukari hubadilika, haifanyi tena kazi yake kama kwanza. Chini ya ngozi ya konea kuna utando mwembamba ambao chembe huushika, kama lipu inavyoushika ukuta. Katika kisukari cha miaka mingi utando huo huharibika, na chembe hazishiki vema. Umekwisha kuona lipu iliyopigwa juu ya ukuta usiotayarishwa? Yakaa siku mbili tatu, kisha yabanduka. Ndivyo ngozi ya konea inavyofanya.

Sababu ya pili ni mishipa ya fahamu. Pengine umesikia kwamba mwenye kisukari huweza kukanyaga msumari asijue, kwa kuwa nyayo zake zimekufa ganzi. Jambo lilo hilo hutokea katika jicho. Mishipa ya fahamu ya konea hupungua, na jicho hufa ganzi kidogo kidogo. Hasara zake ni mbili. Mishipa hiyo si ya kuleta maumivu tu, bali pia huziletea chembe vitu vinavyozihimiza kukua na kuzaliana. Ikipungua, kidonda hulala. Na hasara ya pili ndiyo ya hatari zaidi: mtu hasikii. Maumivu ni mlinzi wa jicho. Mlinzi akilala, mwizi huingia na kutoka bila kupigiwa kelele.

Hapa tuseme kwa sauti neno moja ambalo nataka ulichukue hadi nyumbani: kwa mwenye kisukari, jicho lisilouma si lazima kuwa jicho lililopona.

Cheche za jikoni

Sasa tufike kwenye hiyo sababu ya tatu, ambayo ndiyo iliyoleta maneno mengi juu ya antioksidanti.

Fikiri jiko la kuni. Moto ni lazima, maana bila moto hakuna ugali. Lakini kila moto hutoa cheche, na cheche ikiangukia mkeka huutoboa. Mama mpishi aliye mwangalifu huweka kuni kwa kiasi, naye ana maji karibu ya kuzimia cheche.

Chembe za mwili wako nazo zina majiko yao madogo. Huchoma sukari na mafuta kwa oksijeni, zikapata nguvu ya kufanya kazi. Katika kuchoma huko hutoka vitu vidogo vikali vyenye oksijeni, ambavyo sisi leo tutaviita cheche. Cheche hizo hugusa chochote kilicho karibu na kukila, kama vile chuma kinavyoliwa na kutu. Kwa kiasi kidogo si mbaya, hata mwili huzitumia kuua vijidudu. Zikizidi, huharibu ngozi ya chembe, protini zake, na hata maandishi ya uzazi yaliyo katika kiini chake.

Mwili hukujaliwa moto tu, umejaliwa na wazima-moto pia. Mwaka 1969, wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walionyesha kuwa mna kimeng'enya katika mwili ambacho kazi yake ni kuzima cheche za namna moja. Vingine vinajulikana pia. Mwili hutengeneza vitu hivi wenyewe. Pamoja na hivyo, hupata wasaidizi kutoka katika chakula: vitamini C, vitamini E, na rangi za mboga na matunda. Wote hao, waliozaliwa mwilini na walioletwa na chakula, kwa jina moja huitwa antioksidanti, yaani vizuia kuliwa na oksijeni. Jicho limejiwekea akiba yake: maji yaliyo nyuma ya konea yana vitamini C mara nyingi kupita ile iliyo katika damu, kwa kuwa jicho hupigwa na mwanga na hewa mchana kutwa.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya jaribio hili nyumbani. Kata parachichi vipande viwili. Kimoja kikamulie ndimu, cha pili kiache hivyo hivyo. Baada ya saa moja au mbili, tazama. Kile kisicho na ndimu kitakuwa kimegeuka rangi, kwa kuwa oksijeni ya hewa imekila. Kilichokamuliwa ndimu kitachelewa kugeuka, kwa ajili ya ukali wa ndimu na vitamini C iliyomo. Lakini angalia sana: jaribio hili ni la parachichi, si la jicho. Ndimu haitiwi jichoni hata tone moja. Ukali wake huunguza konea, na kuongeza kidonda juu ya kidonda.

Sasa, mwenye kisukari amepatwa na nini? Kuni zimezidi jikoni. Sukari ni nyingi, majiko hutoa cheche nyingi, na wazima-moto hawatoshi. Mwaka 2001 daktari mmoja wa New York, Michael Brownlee, alieleza katika jarida la Nature kwamba cheche hizi zilizozidi huenda ndizo chanzo kimoja kinachounganisha madhara mengi ya kisukari: ya macho, ya figo, na ya mishipa ya fahamu. Katika konea, cheche hulemaza chembe zinazotakiwa kuteleza na kuzaliana, na huumiza mishipa ya fahamu. Umeona sasa jinsi sababu hizi tatu zinavyoshikana mikono.

(Hapa msimamizi wa kikundi asimame kidogo. Mmoja wenu awaeleze wenziwe kwa maneno yake mwenyewe: cheche ni nini, na kuni ni nini?)

Je, antioksidanti huponya kidonda?

Mtu mwenye akili atauliza, "Kama shida ni cheche, si tunywe vizima-cheche kwa wingi, mambo yaishe?" Ni swali zuri, nalo limeulizwa na wataalamu. Tusikie walichopata.

Katika vyumba vya uchunguzi, panya na wanyama wengine walitiwa kisukari, kisha konea zao zikakwanguliwa kidogo. Vidonda vyao vilichelewa kujifunga, kama ilivyotarajiwa. Walipopewa dawa mbalimbali za kuzima cheche, mara kwa mara vidonda vilijifunga upesi zaidi. Habari hizi ni njema, nazo zinaonyesha kuwa maelezo yetu juu ya cheche si hadithi tu. Lakini panya si mtu. Kati ya panya aliyepona na dawa iliyo tayari kwa binadamu pana safari ndefu, na dawa nyingi hufia njiani. Mpaka sasa hakuna kidonge wala tone la antioksidanti ambalo limethibitishwa kuwa ndilo tiba ya kawaida ya kidonda cha konea kwa mwenye kisukari.

Tena, kidonge cha antioksidanti si kitu kisicho na madhara kwa sababu tu kimepewa jina zuri. Huko Finland wavutaji wa sigara 29,133 waligawiwa vidonge, wengine vya vitamini E, wengine vya beta-karotini, ambayo ni rangi ya karoti, wengine vyote viwili, na wengine vidonge vitupu visivyo na kitu. Watu walitumaini kuwa saratani ya mapafu ingepungua. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994, vitamini E haikuipunguza, na waliokunywa beta-karotini walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Kitu kile kile ambacho katika karoti ni chakula, katika kidonge kikubwa, kwa mvutaji wa sigara, kilileta hasara. Na kwako wewe mwenye kisukari kuna jambo jingine la kuangalia: vitamini C nyingi mno yaweza kuvidanganya baadhi ya vyombo vya kupimia sukari, vikakupa hesabu isiyo ya kweli.

Kwa hiyo mtu akikujia sokoni au kwenye simu na chupa, akasema, "Hii ina antioksidanti, itaponya jicho lako na kuondoa kisukari," wewe muulize swali moja: "Imejaribiwa kwa watu wangapi wenye kisukari na kidonda cha konea?" Asipojibu, weka fedha yako mfukoni. Hiyo ndiyo nauli yako ya kwenda hospitali.

Je, tuyaache basi matunda na mboga? Hapana, hata kidogo! Chakula ndiyo njia salama ya kuwapa wazima-moto wako nguvu. Kula mchicha, matembele na mboga nyingine za majani, lakini usizipike mpaka zikalegea kabisa, maana moto wa muda mrefu huharibu vitamini C. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu ya chungwa kwa uzito ule ule. Karanga zina vitamini E. Matunda ule yenyewe kwa kiasi, usiyakamue yakawa juisi, kwa kuwa juisi huingiza sukari upesi katika damu. Na ukivuta sigara, acha. Moshi wa sigara ni kama kutupa kaa la moto juu ya mkeka.

Punguza kuni

Mama mpishi anayeona cheche zinaruka jiko zima hakimbilii kwanza ndoo ya maji. Huvuta kuni nje ya jiko. Hilo ndilo jibu kubwa la somo letu. Wazima-moto ni wema, lakini kupunguza kuni ndiyo kazi ya kwanza, na kuni ni sukari.

Jambo hili limejaribiwa kwa watu, si kwa panya. Huko Marekani na Kanada watu 1,441 wenye kisukari cha namna ya kwanza, kile kinachohitaji insulini tangu mwanzo, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitibiwa kwa desturi ya siku zile, na jingine lilisimamiwa kwa bidii ili sukari ikaribie kipimo cha mtu mzima wa afya. Majibu yalitolewa mwaka 1993. Katika kundi la bidii, hatari ya kuanza ugonjwa wa pazia la nyuma la jicho ilipungua kwa asilimia 76, na hatari ya kuharibika mishipa ya fahamu ilipungua kwa asilimia 60. Jaribio hilo halikupima vidonda vya konea, lakini wewe umekwisha kujifunza kuwa konea huishi kwa mishipa ya fahamu. Aliyeilinda mishipa hiyo ameulinda mlinzi wa jicho lake.

Basi dawa zako za sukari uzitumie kama ulivyoagizwa, usiziache kwa kuwa unajisikia vizuri. Pima sukari. Wala usijiongezee dawa mwenyewe kwa haraka, maana sukari ikishuka mno nayo huua. Fuata shauri la daktari.

Wapo wataalamu wanaotafuta dawa nyingine pia. Nchini Malaysia, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa matone yenye insulini kidogo yalisaidia ngozi ya konea kujifunga upesi zaidi kwa wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa upasuaji wa jicho. Matone hayo hutengenezwa na wafamasia kwa kipimo na usafi maalumu. Insulini yako ya sindano usiitie jichoni kamwe kwa akili yako mwenyewe.

Saa zinahesabiwa

Sasa tuje kwenye swali la tatu. Umekwaruzwa jicho shambani, au unga wa saruji umekuruka, au kucha ya mtoto imekupata. Una saa ngapi?

Jibu la swali hili twaweza kulipata katika nchi ya Nepal, katika wilaya ya Bhaktapur. Huko wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo wa konea na kuutibu kwa malhamu ya kloramfenikoli, mara 3 kwa siku, siku 3. Habari zake zilichapishwa mwaka 2001. Watu 442 wenye mikwaruzo walitibiwa. Kati ya wale waliofika katika saa 18 za kwanza, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda cha usaha katika konea. Kati ya 49 waliofika baada ya saa 24 hadi 48, watu 14 walipata. Dawa ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni saa.

Hawa walikuwa wanavijiji wa kila namna, waliokuwa wakisikia maumivu yao. Fikiri basi mwenye kisukari, ambaye kidonda chake hujifunga polepole, ambaye mwili wake hupigana na vijidudu kwa udhaifu, na ambaye pengine hasikii maumivu ya kumwamsha aende. Yeye ndiye mwenye haja ya haraka kuliko wote, naye ndiye anayeelekea kuchelewa kuliko wote. Hapo ndipo watu wanapopata chongo kwa mkwaruzo wa jani.

Na kuna njia nyingine ya kuchelewa, nayo ni kutia jichoni maji ya majani, asali, mkojo, maziwa ya mama au tumbaku. Jambo hili limeandikwa na madaktari waliokuwa wakitibu macho katika Tanzania yetu. Mwaka 1994 walichapisha taarifa juu ya dawa za namna hiyo na vidonda vya konea. Vitu hivyo huleta vijidudu, vingine huunguza, na vyote hula saa zako.

Haya, chukua kalamu uandike. Jicho likiumia:

1. Nawa mikono. Osha jicho kwa maji safi. Usilipikiche.

2. Ikiwa ni chokaa, saruji, sabuni kali au dawa ya shamba, mimina maji safi kwa wingi muda wa nusu saa, kisha nenda hospitali mara moja. Usingoje kwenda kwanza ndipo uoshwe.

3. Kitu kilichochoma na kushika jichoni usikichomoe. Nenda nacho.

4. Usitie dawa iliyobaki ya mgonjwa mwingine. Baadhi ya matone huondoa wekundu, huku yakiwapa vijidudu nafasi ya kula konea.

5. Nenda zahanati au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama haliumi. Neno la kwanza kumwambia tabibu liwe hili: "Nina kisukari."

6. Rudi siku uliyoambiwa urudi, hata kama wajiona umepona. Kumbuka lipu inayobanduka.

Hata siku usipoumia, jitazame katika kioo kila asubuhi unapopiga mswaki. Wekundu usiokwisha, doa jeupe juu ya duara ya rangi, machozi au tongotongo nyingi, kuogopa mwanga, au ukungu mpya wa kuona, ni barua ya kukuita hospitali. Tena mwenye kisukari apimwe macho angalau mara 1 kila mwaka, pazia la nyuma pamoja na kioo cha mbele. Na ufanyapo kazi ya kufyeka, kuvuna mahindi, kukata mkonge au kuchomea vyuma, vaa miwani ya kukinga. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya jicho.

Maswali ya kikundi

Kabla hamjatawanyika, yajadilini maswali haya. Je, konea hupata wapi oksijeni yake, ikiwa haina damu? Kwa nini mwenye kisukari asingoje maumivu ndipo aende hospitali? Ipi kazi ya kwanza, kuongeza maji au kupunguza kuni, na maana yake nini katika maisha ya kila siku? Katika kijiji au mtaa wenu, zahanati iliyo karibu ya kutibu macho iko wapi, na mtu aliyeumia saa mbili usiku atafikaje huko? Swali hili la mwisho msilijibu kwa maneno tu. Chagueni mtu, tafuteni usafiri, na liandikeni jibu lenu ukutani.

Hapa ndipo tunapofika mwisho wa somo la leo. Mwenye kisukari aliye nyumbani kwako, mwambie habari hizi usiku huu kabla hamjalala. Kwaherini, ndugu wasikilizaji na wasomaji, na muwe na afya njema.